Dau la Zamu ya Mwisho

Chukua watu kumi na wawili. Kila wiki kila mmoja atoe shilingi 20,000, na mmoja wao abebe zote, 240,000 taslimu. Baada ya wiki kumi na mbili kila mtu atakuwa ametoa 240,000 na amepokea 240,000. Hakuna shilingi iliyozaliwa wala iliyokufa. Mwenye haraka anaweza kuuliza watu wanahangaikia nini. Lakini zunguka Same mjini, huku Upare, kuanzia stendi hadi sokoni, uwaulize wauza nyanya, mafundi cherehani, walimu, wauguzi na waendesha bodaboda. Ni kazi kumpata asiyewahi kucheza mchezo wa kupeana, kama mzunguko huu unavyoitwa, na ni kazi vilevile kumpata asiye na kisa cha mchezo uliovunjika.

Mabishano ya mchezo kwa kawaida huhusu watu: nani mwaminifu, nani ana maneno mengi, nani aliwahi kukimbia na pesa za wenzake. Swali la kiwango huamuliwa kwa dakika mbili. Mtu husema, nataka laki tano ya kuongezea mtaji, tuko kumi, basi kila mtu elfu hamsini. Kiwango huzaliwa kutokana na kile wa kwanza anachotaka kushika. Naona hapo ndipo michezo mingi huanza kufa kabla haijaanza. Kiwango kingepimwa kwa mfuko wa yule atakayepokea mwisho, tena katika mwezi wake mbaya, visa hivyo vya kuvunjika vingepungua sana.

Kabla ya kurudi sokoni Same inafaa kupita kwanza mezani kwa wacheza karata, kwa sababu wao suala la kiingilio na dau wamelifikiria kwa makini kuliko wengi wetu.

Poka haijapata mizizi katika milima ya Upare. Karata za vijiweni ni albastini na lasti kadi, zikichezwa kwa soda au kwa kutambiana tu. Pesa inapowekwa, huwekwa watu wakiangalia huku na huku, maana Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria za Tanzania, inamweka anayecheza mchezo wa bahati kwa pesa mahali pa hadhara katika fungu moja na wazururaji. Dini nazo zina neno. Waadventista Wasabato walianzia kazi yao nchini huku huku Pare Kusini, mwaka 1903 pale Giti. Walutheri wana Dayosisi ya Pare, Wakatoliki wana Jimbo la Same, na misikiti ipo tambarare na milimani. Kamari haina mtetezi madhabahuni wala kwenye mimbari. Lakini wanaocheza poka sebuleni kwao, iwe Chicago au Dar es Salaam, wana kanuni ambazo kijumbe yeyote wa Same, yaani mkusanyaji wa pesa za mchezo, angefaa kuzisikia.

Kiingilio cha poka hulipwa kabla karata hazijagawiwa. Unatoa 20,000, unapewa chipu za 20,000, na kuanzia hapo unaloweza kupoteza katika mkono mmoja ni kile kilicho mbele yako tu. Huruhusiwi kuchomoa pochi katikati ya mkono ili kumtisha mwenzako, wala kuahidi kwamba salio utaleta kesho. Huruhusiwi pia kuchomeka mfukoni chipu ulizoshinda kisha ukaendelea kucheza na zilizobaki, kwa sababu waliopoteza wana haki ya kupata nafasi ya kuzirudisha. Kiasi cha kiingilio nacho hakichukuliwi hewani. Hupimwa kwa dau la lazima, lile ambalo mchezaji analiweka kwa zamu hata kabla ya kuona karata zake. Meza yenye dau kubwa la lazima la shilingi 200 kwa kawaida huingiwa kwa 20,000, yaani mara mia. Anayeingia kwa 2,000 ataliwa na yale madau ya lazima baada ya mizunguko michache, na kila uamuzi wake utakuwa wa kufa au kupona. Anayeingia kwa 200,000 hawezi kumla mwenzake zaidi ya alichonacho huyo mwenzake, ila anapata kifua cha kutisha meza. Ndiyo sababu meza zilizopangika huweka kima cha chini na kima cha juu.

Lipo jambo moja ambalo hata wacheza poka wazoefu hulisahau wakiwa nyumbani, nalo ni kurudia kuingia. Aliyefilisika saa mbili usiku anatoa 20,000 nyingine. Saa nne anatoa tena. Mezani wanaendelea kusema mchezo ni wa elfu ishirini, huku yeye ameshaacha elfu sitini. Dau halisi la usiku ule ni kiingilio zidisha mara zote ambazo mtu anaruhusiwa kuingia, na mahali ambapo hakuna kikomo, hakuna dau linaloweza kutajwa kwa ukweli. Wenye busara huweka kikomo cha mara mbili, kisha mtu anakaa pembeni anakula karanga na kuangalia wengine.

Sasa turudi kwa wale kumi na wawili. Pamoja na ubaya wote wa kamari, meza ya poka inayofuata kanuni haina mkopo ndani yake, maana kila mtu ameshalipa. Mchezo wa kupeana ni mkopo mtupu. Aliyepokea wiki ya kwanza amekabidhiwa 240,000 akiwa ametoa 20,000 peke yake. Zilizobaki, 220,000, ni deni lake kwa watu kumi na mmoja, lisilo na hati, dhamana wala riba. Wa mwisho yuko upande wa pili kabisa. Kufikia wiki ya kumi na moja ameshawakopesha wenzake 220,000 na bado hajashika kitu. Wa sita na wa saba ni nusu wakopaji, nusu wakopeshaji. Kwa hiyo watu waliokaa mkeka mmoja na kutoa noti za aina moja hawachezi dau moja. Wa kwanza hana cha kupoteza zaidi ya jina lake, na wa mwisho ana laki mbili na ishirini mikononi mwa watu.

Wachumi watatu, Timothy Besley, Stephen Coate na Glenn Loury, waliuchambua mchezo huu mwaka 1993, ukiwa unajulikana dunia nzima kwa majina tofauti: equb Ethiopia, hagbad kwa Wasomali, sanduq Sudan. Kiini cha hoja yao kinaeleweka bila hesabu ngumu. Tuseme kila mmoja wa wale kumi na wawili anataka cherehani ya 240,000. Kila mtu akidunduliza peke yake kwa elfu ishirini kwa wiki, wote watanunua wiki ya kumi na mbili. Wakicheza pamoja, mmoja ananunua wiki ya kwanza, mwingine ya pili, na kuendelea. Ukichukua wastani, mtu anapata cherehani yake wiki ya sita na nusu. La kupendeza ni kwamba hata wa mwisho hakucheleweshwa, kwa sababu peke yake angenunua wiki hiyo hiyo. Kumi na mmoja wamewahishwa na hakuna aliyeumizwa. Hapa ndipo mchezo unapozidi kudunduliza, na ndiyo sababu watu wasio na akaunti benki, na hata wenye nazo, hawauachi.

Yote hayo ni kweli ikiwa kila mtu atatoa hadi wiki ya mwisho.

Tuseme wawili kati ya sita waliokwisha kupokea wanaacha kutoa kuanzia wiki ya saba. Kila anayepokea baada ya hapo atashika 200,000 badala ya 240,000. Elfu arobaini inauma, ila haiui. Hatari iko kwa wale wanne wengine waliopokea, ambao wanajiuliza kwa nini wao waendelee kutoa ikiwa wenzao wameacha na dunia haijaanguka. Nao wakiacha, mchezo umevunjika. Hesabu ya siku hiyo ni ya kikatili. Kila mmoja wa sita waliopokea ametoa 120,000 na kubeba 240,000, na kila mmoja wa sita ambao hawajapokea ametoa 120,000 na hana kitu. Kuna watu waaminifu kabisa ambao wamebaki na pesa za wenzao bila kukusudia. Mabaraza ya kata yamesikia kesi za namna hii, na ugumu wake ni huu: mdai ni mmoja, wadaiwa ni wengi, na kila mdaiwa ana sababu ya kumwelekezea kidole mwingine.

Kinachomzuia mtu aliyepokea asiache ni aibu, pamoja na yale ambayo aibu hubeba: kunyimwa mchezo unaofuata, kusemwa msibani, kukosa mdhamini siku atakapomhitaji. Hiyo ni nguvu kubwa, ila ina kipimo chake na haikui pamoja na dau. Mtu aliyekimbia na laki moja na aliyekimbia na milioni mbili wanaaibika karibu sawa. Dau likipanda, kishawishi kinapanda nalo na aibu inabaki pale pale. Kwa hiyo kila kundi lina kiwango chake cha mwisho, kile ambacho baada yake jina la mtu halitoshi kulinda pesa. Kule Vudee au Chome, ambako anayekudai ni jirani wa shamba, muumini mwenzako na huenda shemeji yako, kiwango hicho kiko juu. Stendi ya Same, barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha inakopita, mtu anaweza kufunga kibanda leo na kesho yuko Tanga. Hapo kiwango kinapaswa kuwa chini, hata kama watu wa stendi wanashika pesa nyingi zaidi kwa siku. Wapo wanaodhani wenye kipato kikubwa wanaweza kucheza mchezo mkubwa. Naona mizizi ina uzito kuliko kipato.

Watani wa Wapare wana mzaha wao wa zamani, kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Husemwa kwa kucheka, lakini ukiutazama kwa jicho la mchezo wa pesa, kundi linalojulikana kwamba litafuatilia elfu ishirini hadi mwisho wa dunia lina ulinzi ambao sheria haiwezi kuutoa.

Suala la nani apokee lini lina uzito ule ule wa kiwango, kwa sababu linaamua nani anabeba hatari. Njia ya kawaida ni kura, vikaratasi ndani ya kofia au bakuli, kila mtu anaokota namba. Kura ni ya haki mbele ya Mungu, ila haijui nani ana duka na nani amepanga chumba tangu mwezi uliopita. Vikundi vilivyokaa muda mrefu huchanganya: namba za mwanzo kwa wenye mizizi au mshahara unaojulikana, mgeni kuanzia nusu ya pili, na kura kati yao. Mgeni hulalamika kwamba anaonewa. Kwa mizunguko miwili ya kwanza ni kweli anaonewa, na nadhani ni sawa, mradi aambiwe wazi tangu mwanzo kuwa hiyo ndiyo gharama ya kuingia na kwamba itaisha.

Kijumbe ni jambo jingine. Ndiye anayekusanya, anayepiga simu, anayebeba daftari, na katika michezo mingi hupewa zamu ya kwanza kama shukrani. Desturi hii siipendi. Aliyepokea kwanza ana haja ndogo kuliko wote ya kuona mchezo unafika mwisho, na huyo ndiye tumempa kazi ya kuufikisha. Afadhali kijumbe alipwe, mathalani kila anayepokea amwachie elfu mbili au tatu, na namba yake iwe ya mwisho au ya pili kutoka mwisho. Hapo pesa yake yote inategemea bidii yake mwenyewe. Atapiga simu mapema, na atakuwa mkali zaidi katika kumkubali mgeni.

Namba nazo zina bei, ingawa watu hawapendi kulisema jambo hilo kwa sauti. Mwenye namba tisa ambaye mtoto wake ameitwa shule ya bweni anamfuata mwenye namba mbili. "Dada, tubadilishane, nitakutoa ya soda." Ya soda ikiwa elfu kumi, hiyo ndiyo bei ya wiki saba za kuwahi. Kwa Muislamu anayeupenda mchezo hasa kwa kuwa hauna riba, hapa kuna jambo la kumuuliza shehe, maana pesa imelipwa kwa ajili ya muda. Katika baadhi ya nchi wamelifanya wazi, zamu hupigwa mnada na anayetaka kuwahi anakubali kushika pungufu. Upare kwa kawaida hubaki kimyakimya kati ya watu wawili, na kwa kuwa hubaki kimya, kijumbe huenda asijue kwamba mtu mwenye shida amesogea mbele na mtu mtulivu amerudi nyuma. Mchezo wa kumi na wawili ambao watatu wenye shida wamenunua namba za mwanzo ni mchezo mwingine kabisa, wenye hatari kuliko ule uliopigiwa kura.

Sasa kalenda, ambayo kwangu ndiyo kiini cha suala la kiwango katika wilaya hii. Same ni nchi mbili katika wilaya moja. Juu, Mamba na Miamba, kuna mvua, migomba, maharage na tangawizi, zao linalokaa ardhini miezi minane hadi kumi kabla halijamlipa mkulima. Chini upande wa magharibi, Makanya na Hedaru, milima inaikinga mvua, na watu hutegemea mifugo, machimbo ya jasi, mkonge na vibarua. Ng'ambo ya mashariki, Ndungu na Kihurio, kuna mpunga wa umwagiliaji. Mwalimu anapata mshahara kila mwisho wa mwezi. Mama lishe anashika pesa kila siku. Mkulima wa tangawizi anaweza kushika milioni kwa wiki moja kisha akae miezi sita akihesabu sarafu. Ukimweka mkulima huyo na mwalimu katika mchezo wa kila mwezi wa 50,000, utakuwa umewatoza kiasi kimoja na kuwabebesha mizigo isiyolingana. Mwezi wa tano wa ukame wa pesa, elfu hamsini ya mkulima inatoka katika chakula, au inatoka kwa mkopeshaji wa kausha damu, na mkopo huo una riba ambayo mchezo ulikusudiwa kuiepuka.

Kwa hiyo kipimo ninachokipendekeza ni kichungu kidogo. Usiulize unaweza kutoa kiasi gani. Uliza mwezi gani ulikuwa mbaya kuliko yote mwaka jana, na ungetoa kiasi gani mwezi ule bila kugusa pesa ya matumizi. Kila mtu aseme chake, na kiwango kiwe cha yule mwenye kidogo. Kitakuwa kidogo kuliko wengi wanavyotaka, na wenye haraka watanung'unika. Wanaotaka zaidi wanaweza kuchukua majina mawili, yaani watoe mara mbili na wapokee mara mbili, jina la pili likiwekwa nusu ya pili ya mchezo. Vijumbe wenye uzoefu huanza mzunguko Februari na kuumaliza kabla ya Desemba, ili usivuke Januari. Elimu bila ada imeondoa ada katika shule za serikali, msingi na kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, cha tano na cha sita tangu 2022. Sare, madaftari, nauli na michango havikuondoka, na Januari hudai vyote kwa pamoja.

Majina mawili katika mchezo mmoja hayana tatizo, kwa sababu kila mtu anayaona. Tatizo ni michezo minne ambayo hakuna kundi linalojua juu ya lingine. Mama anapokea mchezo wa sokoni ili atoe wa kanisani, anapokea wa kanisani ili alipe kausha damu, kisha anaingia wa nne ili aokoe wa kwanza. Huku ndiko kule kurudia kuingia bila kikomo kwa mcheza poka, ila hakuna anayemwona akinyoosha mkono mfukoni. Wengi wa wachezaji ni wanawake, na wengi huingiza pesa ya matumizi wakibana hapa na pale, mara nyingi bila mume kujua. Siri hiyo ina sababu zake, kuna nyumba ambazo pesa ikijulikana inaondoka. Lakini pesa ya siri ikipotea, nayo hupotea kwa siri, na kundi halijui kwamba mwenzao ameshazama hadi wiki anayoshindwa kutoa.

Vikoba vilijaribu kutibu sehemu ya matatizo haya. Mtindo wa vikundi vya kuweka na kukopa ulioanzishwa na shirika la CARE huko Maradi, Niger, mwaka 1991, ulifika Zanzibar na bara mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuenea haraka, ukiwa na sanduku lenye makufuli matatu na funguo kwa watu watatu. Ndani yake mna jibu la kiwango ambalo ni zuri kuliko la mchezo: bei ya hisa moja huwa ndogo, na kila mkutano mwanachama hununua hisa kuanzia moja hadi tano. Hisa ikiwa 2,000, mwenye wiki mbaya ananunua moja na hakuna anayemcheka, na mwenye wiki nzuri ananunua tano, yaani 10,000, na kuishia hapo. Kima cha chini kinamlinda maskini asifukuzwe, kima cha juu kinawalinda wote dhidi ya mwenye pesa anayeweza kukigeuza kikundi kuwa chake. Mkopo nao una kikomo, kwa kawaida mara tatu ya akiba ya mtu, kwa hiyo deni la kila mmoja limefungwa kwa alichoweka.

Ila tusidanganyane, kikoba si mchezo uliorekebishwa tu. Mchezo haumpi mtu faida ya mwenzake. Kikoba kinampa. Mkopo hutozwa riba, asilimia 5 hadi 10 kwa mwezi si ajabu, na mwisho wa mwaka siku ya kuvunja, riba hiyo hugawanywa kwa hisa. Mwenye hisa nyingi asiyekopa huondoka na pesa iliyotoka kwa mwenye hisa chache aliyekopa kila mara. Vikundi vingine humlazimisha kila mwanachama akope ili mzigo uenee, na matokeo yake mtu asiye na haja ya mkopo anakopa na kuutumia hovyo. Sijaona jibu safi la tatizo hili. Angalau mtu ajue anaingia wapi: kwenye mchezo dau lako ni imani kwa wenzako, kwenye kikoba unaweka pia dau juu ya shida zao.

Hakuna sababu ya kudhani mambo haya ya kiingilio na zamu yalikuja na mashirika. Mashamba ya milimani yamekuwa yakinyweshwa kwa ndiva, mabwawa madogo ya jamii yanayojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi kwa zamu. Kiingilio chake ni jasho: siku ya msaragambo unatoka na jembe kuzibua mfereji na kuondoa tope, asiyetoka analipa faini au zamu yake inarukwa. Mwenye shamba mwisho wa mfereji anajua vizuri hali ya mwenye namba kumi na mbili, kwani wote wawili hufikiwa na kile kilichobakizwa na waliotangulia. Na wakati serikali ya kikoloni ilipoleta kodi ya mbiru, iliyomtoza kila mtu kwa kadiri ya mali yake ilivyokisiwa, maelfu ya Wapare waliteremka na kukusanyika Same mwaka 1945 kupinga, na mwaka uliofuata wanawake nao wakaandamana. Mwanahistoria Isaria Kimambo ameliandikia kitabu jambo hilo. Watu hao walikuwa wakilipa kodi siku zote. Walichokikataa ni mtu mwingine kuwapimia mfuko kwa njia wasiyoiona, na hoja yao inalihusu kila kundi ambalo kiwango chake hutangazwa na watu wawili wenye sauti kubwa.

Mwaka 2009 nchi nzima ilishuhudia kinachotokea kiingilio kinapokosa mipaka yote niliyoitaja. Watu walipeleka pesa zao DECI, mpango wa upatu ambako kuweka pesa kuliitwa kupanda mbegu, wakaahidiwa kuvuna mara dufu na zaidi, na wa kwanza walivuna kweli, kutoka mifukoni mwa waliofuata. Serikali ilipoingilia kati, waliobaki na stakabadhi walikuwa ndio wengi. Tofauti na mchezo wa sokoni iko hapa: mchezo una idadi ya watu na wiki ya mwisho inayojulikana tangu siku ya kwanza. Ukiambiwa ujiunge na kitu kisicho na namba ya mwisho, wewe ndiye namba hiyo.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na kanuni zake za 2019 ziliviweka vikundi vya kijamii katika daraja la nne, na usajili wake ukakabidhiwa halmashauri kwa niaba ya Benki Kuu. Vikoba vingi vimejiandikisha, vingine kwa kuiwinda mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka uliofuata. Kikundi kilichoundwa kwa ajili ya mkopo huo kina kasoro moja ya kuzaliwa nayo, wanachama hawana dau lao ndani, na kurejesha kwake huonyesha hivyo. Mchezo wa watu kumi na wawili kwa kawaida hauandikishwi popote. Simu imeurahisishia ukusanyaji, pesa zinatumwa na kila mtu anaona ujumbe kwenye kundi la WhatsApp, na Wapare walioko Dar es Salaam na Arusha wanacheza na ndugu walioko Gonja bila kusafiri. Simu haijaongeza aibu, hata hivyo. Mtu anaweza kutoka kwenye kundi kwa kubonyeza mara moja.

Kuna suala ambalo makundi mengi huliruka kwa sababu kulisema ni kama kulikaribisha: mwanachama akifa katikati. Aliyepokea tayari, deni lake lina mwenyewe? Ambaye hajapokea, 120,000 zake anapewa nani, mume ambaye hakujua, au mama mzazi kule Mbaga? Nimeona makundi yanayorudisha mara moja alichotoa marehemu, kila mmoja akichangia sehemu yake, na mengine yanayomwacha mtoto wake mkubwa achukue nafasi. Njia zote mbili zinafanya kazi ikiwa zimeandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari, pamoja na jina la mtu ambaye kila mwanachama amemtaja mwenyewe, mbele ya wote, siku kiwango kilipopangwa. Wasiofanya hivyo hukaa kikao cha pili msibani, baada ya kuondoa tanga, na huko kijumbe hukuta wadai wapya asiowajua.